Minofu ya samaki: usiipike kama samaki mzima

Barua nyingi mwezi huu zimeuliza jambo moja: minofu. Wengi wetu tumekulia kwenye samaki mzima, kichwa na mkia, anayechemka sufuriani tangu jua linapoinama mpaka baba arudi. Samaki huyo anavumilia, kwa sababu ngozi na mifupa vinamshikilia. Mnofu umevuliwa vyote hivyo, ni nyama tupu, na nyama ya samaki huiva upesi sana. Karibu kila tatizo mliloniandikia linaanzia hapo.

Kwa wasomaji waliotoka Tanzania: mputa ndiye sangara wenu, na ngege ndiye sato.

Shikamoo mama. Nikikaanga minofu ya mputa inashika kwenye kikaango na kuvunjika. Watoto wanakuta makombo kwenye sahani. Nakosea wapi? (Mama wa watatu, Nsambya, Kampala)

Marahaba, mwanangu. Kosa liko kwenye maji. Unaiosha minofu, unaitia chumvi, kisha unaiweka kwenye mafuta ikiwa bado inadondoka. Maji yale yanapoza mafuta, na samaki aliyelala kwenye mafuta ya vuguvugu lazima ashike.

Fanya hivi. Kata vipande vya upana wa vidole vitatu. Nyunyiza chumvi, acha robo saa. Utaona matone yametoka juu yake. Yapanguse yote kwa kitambaa safi, juu na chini, mpaka ukigusa kidole kisilowane. Hapo ndipo upake binzari na kitunguu saumu kilichopondwa, kidogo tu, kisha upitishe kila kipande kwenye unga wa ngano na kukung'uta unaozidi. Unga usiachwe ukikaa juu ya samaki. Pitisha kipande, tia kikaangoni.

Sigiri iwe na makaa yaliyoshika vizuri, si yale yanayotoa moshi bado. Dondosha kipande cha kitunguu kwenye mafuta: kikichemka papo hapo kwa sauti, mafuta yako tayari. Panga vipande vikiwa na nafasi kati yao, halafu (hapa ndipo penye mtihani) viache. Usivisukume wala kuchungulia chini yake. Kipande cha unene wa kidole gumba kinataka dakika tatu au nne upande mmoja. Kikiwa tayari kugeuzwa kitajiachia chenyewe ukikitikisa kidogo. Kikikataa, mpe dakika nyingine. Geuza mara moja tu, dakika tatu tena, toa.

Utajuaje kimeiva? Nyama mbichi inapenyesha mwanga kidogo, kama kioo chenye ukungu. Iliyoiva ni nyeupe hadi katikati na inaachana kwa mapande ukiigusa kwa uma. Ukiona maji meupe kama maziwa yanatoka kwa wingi pembeni, umeshapita kituo.

Mimi ni wa Gulu, kwetu kitoweo bila odii si kitoweo. Lakini minofu ndani ya odii inageuka uji. Nirudi kwa samaki wa moshi? (Kaka anayejipikia)

Kaka, samaki wa moshi ni mtamu, wala sikukatazi. Ila minofu pia inaweza, ukibadilisha tu mpangilio. Wewe unatia vyote pamoja. Odii, kwa wasioijua, ni karanga na simsim zilizokaangwa na kusagwa pamoja, na mchuzi wake unataka muda: uikoroge na maji ya moto, uiache ichemke taratibu hadi mafuta yaanze kuonekana juu. Nusu saa haiwi nyingi. Mnofu hautaki zaidi ya theluthi ya muda huo.

Basi maliza mchuzi kwanza, kabisa, pamoja na chumvi. Onja, uridhike nao. Kisha laza vipande juu yake bila kuvirundika, chota mchuzi kwa kijiko uvimwagie, funika, punguza moto. Dakika nane hadi kumi. Mwiko uuweke mbali. Ukitaka kuchanganya, shika sufuria kwa masikio yake uizungushe. Sheria ni hiyo hiyo kwa mchuzi wa nyanya au wa nazi.

Pale sokoni Jinja minofu yote ni meupe na yote inafanana. Nitajuaje iliyo safi wakati sioni jicho wala shavu la samaki? (Msomaji wa Walukuba)

Swali zuri sana, maana macho angavu na mashavu mekundu ndiyo tuliyofundishwa na mama zetu, na mnofu hauna kimojawapo.

Bonyeza kwa kidole gumba. Nyama safi inarudi ilipokuwa. Iliyochoka inabaki na shimo. Kisha inua kipande ukinuse. Samaki wa ziwa mwenye afya ananuka maji, labda majani kidogo. Harufu kali inayopanda puani, kama ya choo kisichosafishwa, hiyo ni kuoza, na hakuna limau litakaloiondoa. Limau linafunika harufu, haliponyi samaki. Tazama pia kingo: zikiwa za njano na zimekauka, mnofu umekaa juani.

Jambo jingine lililo moyoni mwangu. Sheria yetu hairuhusu kuvua mputa mwenye urefu chini ya sentimita 50. Mputa wa kipimo hicho anatoa mnofu mzima unaozidi shubiri. Ukikuta rundo la minofu mizima midogo isiyofika hata shubiri na muuzaji anakuambia ni mputa, umeuziwa mtoto wa samaki ambaye hajazaa. Mwache. Tukila watoto, wajukuu wetu watakula nini?

Mwanangu ana miezi minane. Mama mkwe anasema samaki atamkwama. Nimpe au nisimpe? (Arua)

Mpe, mama. Mtoto aliyetimiza miezi sita yuko tayari kwa samaki, ila mkwe wako ana haki ya kuogopa miiba, kwa hiyo usimpuuze. Chagua mputa badala ya ngege: miiba yake ni minene, inaonekana. Ngege ana mstari wa vimiiba vyembamba katikati ya mnofu, upande wa kichwani. Pitisha kidole mstari mzima, utavihisi vinachoma. Kata ukanda ule uutoe wote.

Chemsha kipande kwa maji kidogo bila chumvi, dakika nane, kisha kiponde kwa vidole vyako mwenyewe, si kwa uma, kwa sababu kidole kinaona mwiba ambao uma hauuoni. Changanya na viazi au matooke laini. Siku ya kwanza mpe vijiko viwili tu, utazame kama ngozi inatoka vipele, midomo inavimba au anatapika. Akivimba au kupumua kwa shida, mkimbize hospitali mara moja.

Daktari amemkataza mume wangu vyakula vya kukaanga. Oveni sina. Nimebaki na kuchemsha tu? (Mbale)

La, dada, una migomba! Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na Waganda wameitumia kwa luwombo, kitoweo kinachofungwa kwenye jani la mgomba na kuiva kwa mvuke, miaka mingi.

Chukua jani changa lisilochanika, chonga uti wake wa katikati uwe mwembamba bila kulitoboa. Lipitishe juu ya makaa taratibu. Utaliona likibadilika mbele ya macho yako: ukijani unakolea, linang'aa kama limepakwa mafuta, na lile jani lililokuwa likikatika linakuwa laini kama kitambaa. Harufu yake tu inatosha kuwaita watoto jikoni. Pangilia majani mawili yapishane, weka vipande vya mnofu, chumvi, nyanya na kitunguu vilivyokatwa vyembamba, tangawizi, pilipili hoho. Kusanya kingo juu, funga kwa kamba ya mgomba.

Sasa usiwashe sigiri ya pili. Fungu hilo lipande juu ya matooke yako ambayo tayari yanaiva kwa mvuke, nusu saa kabla ya kuepua. Jani linachelewesha joto kumfikia samaki, ndiyo maana muda ni mrefu kuliko wa kikaango. Lifungue mezani, mbele ya watu, ndani ya sahani yenye kina, maana samaki ametoa mchuzi wake mwenyewe na hutataka umwagike. Hakuna tone la mafuta humo, na mumeo hatajiona mgonjwa.

Nina friza lakini umeme wa kwetu unakwenda na kurudi. Minofu iliyoyeyuka naweza kuigandisha tena? (Entebbe)

Ikiwa bado ina vipande vya barafu ndani, unaweza, ingawa itakuwa laini zaidi. Ipike kwenye mchuzi badala ya kuikaanga. Ikiwa imeyeyuka yote lakini ingali baridi kama ya friji, ipike leo. Imepata vuguvugu na hujui tangu saa ngapi? Itupe. Na unapoiyeyusha mwenyewe, tumia friji usiku kucha, au beseni la maji baridi ikiwa ndani ya mfuko. Kamwe usiianike juani.

Minofu iliyobaki jana usiku, nikiipasha inakuwa kama kamba. (Busia)

Usiipashe. Ikiwa ililala kwenye friji, ichambue ingali baridi, changanya na viazi vilivyopondwa, kitunguu, dania na yai moja, finyanga katlesi za ukubwa wa kiganja cha mtoto, kaanga hadi zipate rangi na joto lifike katikati. Zinaingia vizuri kwenye kopo la shule, na hata asiyependa samaki atarudi kuuliza kama zimebaki.