Nimeitwa utumishi kwa sababu ya utani

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwanamume wa miaka 51, Mpare wa Same, msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja hapa Morogoro. Chini yangu wapo wafanyakazi 34, wengi wao wasichana. Mwezi Machi alikuja binti wa Kichaga, ana miaka 23, akapangwa kufungasha. Sisi na Wachaga ni watani, kwa hiyo tangu siku ya kwanza nikawa namwita "mke wangu". Mke wangu chai yangu iko wapi, mke wangu leo umependeza, umemvalia nani? Watu wanacheka, kazi inaenda. Siku moja nilishika kitambulisho chake cha shingoni nisome jina la ukoo, nijue ni wa Rombo au wa Machame. Sasa ameandika barua utumishi kwamba namdhalilisha kijinsia, na Jumatatu naitwa. Hajawahi kuniambia hapendi. Alikuwa ananikwepa tu, na hata ovataimu nikimpanga anakataa, wakati wenzake wanaigombania.

Nyumbani nako tumegawanyika. Mke wangu anasema mabinti wa leo wamedekezwa, zamani mwanamke anayejiheshimu alicheka akapita. Binti yetu mkubwa, anayefanya kazi benki, aliniambia papo hapo kwamba nimekosa, na tangu siku hiyo hatuongei vizuri. Mimi naona haya ni mambo ya Beijing, ufeministi wa Wazungu uliokuja kuua utani wetu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Hujasema, lakini ukiniambia hukuwa na nia ya kumtaka huyo binti, nitakuamini. Lakini hukuitwa kwa ajili ya nia yako, umeitwa kwa ulichokitenda.

Tuanze na utani, maana ndio uliojikinga nao, na mimi utani naupenda. Siku tuliyomzika baba yangu, mtani wetu mmoja aliingia kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka apewe hela yake. Nililia na kucheka kwa pamoja. Mtani huyo huyo alikuwa amechimba lile kaburi tangu alfajiri. Utani ndivyo ulivyo: anakurushia, unamrudishia, na hakuna kununa kwa sababu hakuna aliye juu ya mwenzake. Babu humwita mjukuu "mke wangu", naye mjukuu humjibu, "mume gani huna hata jino", bibi akiwa pale pale anacheka. Sasa niambie, huyo binti amewahi kukuita Mpare bahili mbele ya hao wafanyakazi 34, nawe ukacheka? Nimetafuta katika barua yako yote neno moja lililotoka kinywani mwake, sikuliona. Wewe unasema, wengine wanacheka, yeye anafungasha.

Unasema hakukuambia kwamba hapendi. Angekuambiaje, na zamu unapanga wewe? Nilipofika kwenye ovataimu niliiweka barua chini. Msichana wa miaka 23, kwa mshahara wa kufungasha, anakataa hela ambayo wenzake wanaigombania. Ovataimu watu wamepungua, kelele zimepungua, na msimamizi ni wewe. Alikuambia, mdogo wangu. Alikuambia kwa kuiacha hela yake mwenyewe ili asikae karibu na wewe.

Na hicho kitambulisho umekipitia haraka sana. Kinaning'inia kifuani. Jina la ukoo ungemuuliza, au ungelisoma kwenye daftari la mahudhurio.

Mkeo simlaumu. Mimi pia nilicheka nikapita. Niliingia kiwanda cha nguo mwaka 1983, na stoo ya nyuzi ilikuwa chini ya msimamizi mmoja ambaye tulimjua mikono yake. Wakubwa zetu pale wakatufundisha: akiitwa mmoja, wanakwenda wawili, wa pili anajifanya anatafuta sindano. Hakuna aliyekuwa anajua neno ufeministi, na baadhi yao wangelichukia. Ila usiku mmoja mimi nilikuwa mapumziko, mwenzangu wa mashine ya pili akaenda peke yake. Baada ya wiki aliacha kazi. Barua ya kuacha kazi nilimwandikia mimi, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri. Palipotakiwa sababu, tulikaa kimya muda mrefu, kisha nikaandika "sababu binafsi". Neno hilo bado linaniuma mpaka leo.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za Carmita Wood, mfanyakazi wa ofisini katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Naye aliacha kazi kwa sababu ya bosi asiyetulia mikono, akaomba mafao ya wasio na kazi, akanyimwa kwa maelezo kwamba ameondoka kwa sababu binafsi. Mwaka 1975 wanawake wa pale walikaa pamoja kulitafutia jambo hilo jina, kwa sababu hata katika Kiingereza lilikuwa halina jina linaloeleweka. Kwa hiyo Wazungu hawakutuletea kitu. Walikuwa wanaumia kimya kimya kama sisi. Na huo mkutano wa wanawake wa Beijing wa 1995 unaousema, katibu mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella, mwana wa Ukerewe. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, iliyofanya maneno au vitendo vya kumsumbua mtu kingono kuwa jinai yenye kifungo cha hadi miaka mitano, ilipitishwa na Bunge letu wenyewe. Sheria ya ajira ya 2004 nayo inahesabu unyanyasaji wa aina hii kazini kuwa ubaguzi.

Najua hata sisi wanawake hatuko upande mmoja. Januari 2018 wanawake wapatao 100 wa Ufaransa, akiwemo mwigizaji Catherine Deneuve, waliandika katika gazeti la Le Monde wakisema kutongoza kwa kung'ang'ania si kosa, wakatetea uhuru wa kusumbuana. Nakubaliana nao kidogo. Kumpenda mtu mliyekutana kazini si jinai: mwambie mara moja, akikataa muache. Ila anayeambiwa awe anaweza kukataa bila kuhofia zamu yake ya wiki ijayo. Binti wa kufungasha hana uhuru huo kwako.

Sasa Jumatatu. Usitume wazee wakamwombe aondoe barua, wala usiende kwao na kreti ya soda. Usiwakusanye wale waliokuwa wanacheka wakawe mashahidi wako, maana nao zamu unawapangia wewe. Una haki ya kusikilizwa, na kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi nenda na mwakilishi. Ukiulizwa, taja ulichosema na ulichoshika, bila kuongeza neno utani. Omba binti ahamishiwe kwa msimamizi mwingine, na nafasi yake ya ovataimu aikute huko huko. Ukipewa nafasi ya kumwomba radhi, sema umekosa, basi. Usimwambie "kama nilikukwaza".

Lakini kabla ya Jumatatu kuna binti yako. Mama yake alihitaji kukutetea, wewe ulihitaji kuandika gazetini, yeye alilijua kosa lako papo hapo. Jiulize amelijulia wapi. Mwite mkae wawili, kesi yako iache kando, umuulize kule benki wakubwa wake wanamwita nani. Kisha nyamaza mpaka amalize.