Mradi wa mwaka wa nne: unganisheni vipande mapema

Kila ikifika Novemba napokea simu za wadogo zangu walioingia mwaka wa nne wa uhandisi. Swali huwa lile lile: "Kaka, tumepangwa watu watano, mradi tunauanzaje?" Nimelijibu kwa simu mara nyingi, safari hii naliandika ili lisomwe na kundi zima kwa pamoja, maana anayepiga simu huwa mmoja na wanaokwama huwa watano.

Sisi tulikuwa watatu wa mitambo, mmoja wa umeme na mmoja wa kilimo. Tulichagua kutengeneza kikaushio cha mahindi kinachotumia jua. Hatukukichagua kwa sababu ni chepesi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na kabla ya hapo, mwaka 2004, mashariki ya Kenya waliugua watu 317 na 125 kati yao wakafa. Chanzo cha sumu hiyo ni fangasi wanaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Mwenzetu wa kilimo alikuwa ametoka kwenye mikoa hiyo, na siku aliyotueleza habari ile hakuna aliyetaka kuongelea mradi mwingine.

Basi tukagawana kazi siku hiyo hiyo. Wewe sanduku na trei, wewe feni, wewe paneli ya umeme wa jua na nyaya, wewe hesabu za joto, wewe ripoti. Kila mtu akaondoka na chake, tukaahidiana kukutana kila Ijumaa. Ijumaa hizo tulikuwa tunaulizana "umefika wapi?" na kila mtu anajibu "naendelea vizuri". Ilikuwa kweli. Kila mmoja alikuwa anaendelea vizuri peke yake.

Wiki ya 11 ya muhula wa mwisho tukavileta vipande vyote karakana. Sanduku lilikuwa limetengenezwa na fundi wa kuchomelea pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kazi safi, rangi bado inanukia. Mchoro wetu ulisema tundu la feni liwe na kipenyo cha milimita 300, na fundi alikata 300 kamili. Feni ilikuwa ya rejeta ya gari, imenunuliwa kama "feni ya inchi 12". Inchi 12 ni milimita 305. Haikuingia. Tulishinda siku nzima na grenda tukipanua tundu, cheche zikiunguza ile rangi, na mwisho ukingo ukawa umepindapinda, ikabidi tuuzibe kwa silikoni.

Hilo lilikuwa dogo. Jioni tukaunganisha nyaya. Feni ikashtuka, ikazunguka polepole kama inayosukumwa na upepo, ikasimama. Mwenzetu wa umeme akashika mita, akapima, akapima tena. Feni ile ilihitaji ampea kama 10 kwa volti 12, yaani wati 120. Paneli tuliyoinunua kwa hela za boom, yaani mkopo wa kujikimu chuoni, ilikuwa ya wati 50. Aliyechagua feni alitaka hewa ya kutosha, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Aliyechagua paneli alidhani feni ni ndogo kama za kompyuta, na kwa feni ya namna hiyo paneli yake ilitosha na kubaki. Walikuwa wanalala chumba kimoja.

Ndiyo maana nasema mradi wa kundi hauharibikii kwenye vipande, unaharibikia kwenye maungio. Na maungio hayana mwenyewe, kwa sababu siku ya kugawana kazi hakuna anayesema "mimi nachukua pale feni inapokutana na paneli".

Kama ningeanza upya, wiki ya nne ningekuwa na kikaushio kizima cha maboksi. Ndiyo, maboksi ya karatasi kutoka dukani, plastiki nyeusi, gundi, feni ndogo ya kompyuta iliyookotwa, kilo mbili za mahindi. Kibaya, lakini kizima, kuanzia hewa inapoingia hadi inapotokea. Kitu cha namna hiyo kinawalazimisha watu watano kusimama sehemu moja na kuulizana vipimo. Halafu bandikeni ukutani karatasi moja tu, yenye kila mahali ambapo kazi ya mtu inagusana na ya mwenzake: kipenyo, volti, ampea, uzito, na majina mawili mbele ya kila mstari. Mtu akibadilisha chochote anakuja kukata pale kwa kalamu mbele ya mwenzake. Na kubalianeni kipimo kimoja na fundi. Mafundi wetu wengi wanafanya kazi kwa futi na inchi, nyinyi mnachora kwa milimita. Msimwachie mchoro mkaondoka. Kaeni naye, mshike tepu pamoja, aandike mwenyewe kwa chaki juu ya bati.

Kuna jambo linaniuma mpaka leo. Yule tuliyempa ripoti tulimwita mtegeaji. Vikao alikuwa haji, simu hapokei, tukafika hadi kumlalamikia kwa msimamizi. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba tulimpa kazi isiyoweza kuanza. Angeandika nini wakati hakuna aliyemwonyesha kitu? Alikuja mara tatu akakuta tunaongelea mambo ambayo hakuyajua, akaona aibu. Watu wanaotegea kweli wapo, sikatai. Lakini kabla hamjampeleka mwenzenu kwa msimamizi, angalieni kwanza kama mlimpa kipande kinachoshikika. Ripoti iandikwe na wote, kila mtu aandike alichokishika kwa mikono yake, wiki kwa wiki.

Kuhusu hesabu: fanyeni ile ya ukurasa mmoja kabla ya kununua hata msumari. Gunia la kilo 50 lenye unyevu wa asilimia 20, ukitaka lishuke hadi 13, unatakiwa kutoa karibu kilo 4 za maji. Kuyageuza maji hayo kuwa mvuke kunahitaji nishati ya takriban uniti 2.7, uniti zile zile za umeme unazonunua kwenye Luku. Ukijua hilo, unajua ukubwa wa eneo la kukusanya jua, unajua feni, unajua paneli. Sisi hesabu hii tuliifanya vizuri sana, ikakaa kwenye daftari la mtu mmoja.

Na nendeni kwa mtumiaji mapema. Sisi tulikwenda Kibaigwa, kwenye soko kubwa la mahindi kando ya barabara ya Dodoma na Morogoro, tukiwa na mchoro tayari. Mama mmoja mfanyabiashara alituangalia, akasema, "Wanangu, mmekuja mahindi yote yameshakauka." Muhula wetu unaanza mavuno yakiwa yameshapita miezi mingi. Hatukuwa na mahindi mabichi ya kujaribia, ikabidi tuchukue kilo 46 za makavu, tuzinyunyizie maji lita 4 na kuzifunga kwenye plastiki usiku kucha. Yule mama alituuliza pia kama tutakausha ya chakula au ya mbegu. Hatukuwa tumewaza. Mbegu ikipata hewa yenye joto la zaidi ya nyuzi 43 hivi, uotaji wake unaharibika. Swali lake moja lilibadilisha mradi kuliko vikao vyetu vya mwezi mzima.

Yeye ndiye aliyetuonyesha pia kupima unyevu kwa chumvi. Unatia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, unaongeza chumvi kavu kidogo, unatikisa, unaacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado yana unyevu; isipoganda, yameshuka chini ya asilimia 15 hivi. Siku ya kuwasilisha tulikuwa tumeazima paneli nyingine mbili. Feni ilizunguka, na tuliitikisa chupa ile mbele ya jopo la walimu. Chumvi ilidondoka yote chini. Tulipata alama nzuri.

Kikaushio kikaingizwa stoo nyuma ya karakana. Nilipita pale miaka miwili baadaye nikakikuta kimewekewa matairi juu. Mama wa Kibaigwa hakukiona hata siku moja. Kwenye ratiba yetu tulikuwa na tarehe ya ripoti, tarehe ya kuwasilisha na tarehe ya kurudisha vifaa, lakini ya kumpelekea yeye haikuwemo. Nyinyi iandikeni sasa, na nauli ya safari hiyo muitenge kwenye bajeti kabla hamjanunua bati.