Pima Kwanza, Ndipo Uende Dukani

Shikamoo fundi. Hilux yangu ya dizeli, injini 3L, nikipiga stata inasema "tak" mara moja halafu kimya. Nimenunua betri mpya, bado. Sasa ninunue stata? (Ngaramtoni)

Marahaba. Usinunue kitu tena. Hela ya betri imeshakwenda bila kupima, na hili linaniuma kwa sababu barua za namna hii napata kila wiki.

Weka mita ya kupima volti kwenye vichwa vya betri. Betri nzima iliyopumzika inasoma volti 12.6 hivi. Mtu apige stata huku unaangalia. Ikiporomoka chini ya 9.6, betri imechoka, haina chaji, au stata imekaza. Ikibaki juu ya 12, umeme hauvuki kwenda kwenye stata. Basi mguu mmoja wa mita ugusishe kichwa hasi cha betri, mwingine chuma cha injini, apige tena. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa hasi unaotoka betri kwenda injini umekufa. Juzi nilichana waya wa namna hiyo kwa kisu: nje ganda jeusi linang'aa, ndani shaba imegeuka unga wa kijani. Mwenye gari alikuwa ameshabadilisha stata mbili!

Upande wa chanya upime hivyo hivyo, ila mguu mmoja uwe kwenye kichwa chanya cha betri na mwingine pale waya mnene unapofungwa kwenye stata. Waya zikiwa nzima, fungua kichwa cha stata, sehemu ile inayosema "tak". Ndani mna vipande viwili vya shaba ambavyo huliwa upande mmoja kama soli ya mtu anayechechemea. Vinauzwa peke yake.

Gari langu la petroli haliwaki, tatizo nini? (Moshi mjini)

Stata inazunguka au haizunguki? Nimeshaomba mara nyingi: taja injini, stata inafanya nini, na gari lilizimaje. Bila hayo sina jibu.

Dizeli ya zamani, stata inazunguka vizuri. Asubuhi inasumbua, mchana inawaka mara moja. Fundi anataka kushusha pampu. (Machame)

Asiiguse. Simama nyuma uangalie silensa wakati stata inazunguka. Ukiona moshi mweupe, dizeli inaingia ila haiungui, na kwa baridi ya Machame mwezi wa saba mtuhumiwa ni hita plagi, zile plagi zinazopasha joto ndani ya injini kabla haijawaka. Zipime moja moja: nzima inasoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) chache tu, mara nyingi chini ya 2, iliyokatika haisomi kabisa.

Hakuna moshi? Dizeli haifiki. Kabla ya kupiga stata asubuhi, bonyeza pampu ya mkono juu ya filta. Ikiwa laini kisha ikakaza, na gari likawaka, kuna mahali hewa inaingia usiku na dizeli inarudi tangini. Kagua mipira na klipu zote kuanzia tangi.

Nawaomba sana, acheni kumwagia petroli au kupuliza etha (dawa ya kopo ya kuwashia injini) kwenye njia ya hewa ya injini yenye hita. Hita ikiwa nyekundu huilipua kabla ya wakati wake, pistoni inapasuka, na moto ukirudi unamkuta fundi ameinama hapo hapo.

Gari la otomatiki linawashwa kwa kusukumwa? (Usa River)

Hapana.

Nikibusti betri kwa gari jingine, waya upi nifunge mwisho? (Sakina)

Hasi wa gari bovu, na usiufunge kwenye betri. Ufunge kwenye chuma cha injini, mbali kidogo. Betri hutoa haidrojeni, na cheche moja karibu nayo inatosha kuipasua ikakumwagia asidi machoni.