Jumla inayotoa #Error chini ya ripoti

Unauliza kwa nini kisanduku cha jumla kwenye ripoti yako ya Microsoft Access (programu ya hifadhidata) kinaonyesha #Error badala ya jumla. Hapo umekutana na mambo mawili kwa mpigo. Umeandika =Sum([Thamani]), lakini Thamani si uga (safu ya data); ni jina la kisanduku chako chenye hesabu ya =[Bei]*[Idadi]. Access haijumlishi vidhibiti, yaani visanduku vilivyowekwa kwenye ripoti. Sum inasoma uga uliomo kwenye jedwali, au kwenye kwiri (swali linalochota data kutoka kwenye majedwali), inayolisha ripoti, basi. Kwa hiyo rudia hesabu yenyewe ndani yake: =Sum([Bei]*[Idadi]). Au, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi, tengeneza uga wa Thamani kwenye kwiri kabisa, fomu na ripoti ziuchukue ukiwa tayari. Siku kanuni ikibadilika, unagusa pahali pamoja tu.

Halafu kisanduku hicho cha jumla umekiweka kwenye kijachini cha ukurasa, yaani sehemu ya chini ya kila ukurasa. Hapo Sum itatoa #Error hata fomula ikiwa safi. Kihamishie kwenye kijachini cha ripoti (mwisho wa ripoti nzima), au cha kundi kama unataka jumla ya kila mteja. Fomula ni ileile; mahali ilipowekwa ndipo panapoamua inajumlisha nini.

Ukiwa humo, kagua na majina. Ukiburuta uga wa Bei kuuleta kwenye ripoti, Access hukipa kisanduku jina hilohilo, Bei. Ukija kukigeuza kiwe =[Bei]*1.1 bila kubadili jina, kinajirejelea chenyewe na #Error inakurudia, tena hii inasumbua kuitafuta kwa sababu fomula inaonekana haina kosa. Kiite txtBei.