Nyuki wa Tanga hawakuwa kwenye mpango: jinsi ya kuzisaka hatari kabla ya operesheni

Karibu kila mpango wa operesheni uliopita mezani kwangu nikiwa mnadhimu, yaani afisa anayemwandalia kamanda mipango, ulikuwa na ukurasa wa vihatarishi, na karibu kila ukurasa ulianza na adui: yuko wapi, ana silaha gani, atafanya nini. Chini yake hufuata mistari miwili mitatu ya haraka haraka. Mvua. Malaria. Ajali za barabarani. Na mbele ya kila mmoja, maneno yale yale: "askari wawe makini". Ukurasa umejaa, mkuu ametia sahihi, watu wakalale.

Nawaandikia maafisa vijana mnaoingia kozi ya unadhimu, na masajini ambao ndio mtakaoulizwa gari limepindukaje. Kwa nilivyoona mimi, hatari zinazoumiza watu mara nyingi huwa zinajulikana tayari na mtu fulani. Ila mtu huyo hakuitwa kwenye kikao.

Mfano ninaoupenda uko kwetu hapa, Tanga, Novemba 1914. Meja Jenerali Arthur Aitken aliletwa kutoka India na jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000. Upande wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck alikusanya kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, akawashusha kwa reli kutoka Moshi. Ukihesabu bunduki tu, kazi ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Sasa tazama yaliyoachwa nje ya hesabu. Askari wa Aitken walikuwa wamesongamana melini kwa majuma, wakiumwa na bahari. Vikosi vingi havikuwahi kufanya kazi pamoja. Manowari ya HMS Fox ilitangulia kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutopigana yamefutwa, na hapo ikatoweka nafasi ya kumshtukiza mtu. Kisha hofu ya mabomu ya majini bandarini, ambayo hayakuwepo, ikafanya watu washushwe upande wa Ras Kasone, nje ya mji, mahali ambapo hakuna aliyetumwa kupakagua vizuri. Mizinga ikabaki juu ya meli. Walipoingia vichakani na mashambani wakapotezana.

Ndipo tarehe 4, katikati ya mapigano, nyuki wakachokozwa na risasi na kuwashukia watu wa pande zote mbili. Siku iliyofuata Waingereza walikuwa wanarudi melini, waliouawa na kujeruhiwa wakizidi 800, na nyuma yao wameacha bunduki za rashasha na risasi zaidi ya nusu milioni.

Nyuki wametukuzwa mno katika hadithi hii, nadhani kwa sababu wanachekesha na wanawapunguzia makamanda lawama. Shambulio lilikuwa limeshaharibika kabla yao. Ninachokitazama mimi ni kwamba Aitken alikuwa na watu wa kumwambia. Maafisa wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika), waliowafahamu askari wa pwani na bara, walimwonya kwamba askari wa Kijerumani si watu wa kudharauliwa. Hakuwasikiliza. Na nyuki wa vichaka vile hawakuwa siri kwa mtu yeyote aliyekulia kando yake.

Miaka iliyofuata ya vita vile, Vita vya Kwanza vya Dunia, ilionesha jambo hilo kwa ukubwa wa kutisha. Wapagazi wa Carrier Corps, ambao Kariakoo yetu na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina lao, walikufa zaidi ya 40,000 kwa hesabu rasmi, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na chakula walichopikiwa vibaya au ambacho miili yao haikukizoea. Mpishi yeyote wa kambi angeweza kueleza unga usioiva unamfanya nini mtu anayebeba mzigo kutwa nzima. Sijui kama kuna aliyewahi kumwita mpishi kwenye meza ya ramani. Hata leo haitwi.

Sasa kuhusu utaratibu wenyewe, kwa kifupi, maana mtaupata darasani. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilitoa mwongozo wake wa kudhibiti hatari mwaka 1998, na hatua zake tano utazikuta, kwa majina haya au mengine, katika kozi nyingi: tambua hatari, pima uzito wake, panga njia za kuidhibiti na amua, tekeleza, kisha simamia na tathmini. Uzito hupimwa kwa kukutanisha mambo mawili, uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa madhara yake, na jibu hutoka kwa daraja: juu mno, juu, wastani, chini. Hakuna ubaya katika hayo. Ubaya huja pale mtu anapoanza na jibu kisha akarudi nyuma kupanga namba. Nimeona uwezekano ukishushwa hadi "nadra" kwa sababu tu daraja la "juu" lingelazimu faili lipande kwa brigedia, na brigedia angeuliza maswali. Ukiwa mnadhimu, ukiona jedwali lote ni la kijani, yaani kila hatari ni ya chini, rudi ukamuulize aliyelijaza alikuwa anamwogopa nani.

Ila hatua ya kwanza ndiyo inayoamua zote, na ndiyo watu wanayoipitia mbio. Kuandika "mvua" kwenye safu ya hatari ni sawa na kumwambia daktari unaumwa mwili. Mvua inamfanya nani nini, wapi, saa ngapi? Andika sentensi nzima: lori lililobeba risasi, linaloendeshwa usiku na dereva aliyepata usingizi wa saa tatu tu, likiteremka mlima wa udongo mfinyanzi saa mbili baada ya mvua, linaweza kuteleza na kupinduka. Sentensi ya namna hiyo inakuonesha yenyewe pa kukamata. Unaweza kubadili saa, dereva, njia, au mzigo. Neno "mvua" peke yake halikuachii lolote la kufanya zaidi ya kuagiza makoti.

Tuliwahi kupanga msafara wa malori wa usiku kwenda kwenye zoezi. Mezani palikuwa na picha za satelaiti, hali ya hewa, na mjadala mrefu kuhusu majambazi. Jioni nikashuka karakana kumwona dereva mkongwe, sajini aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Nikamuuliza, "Mzee, njia hii wewe unaiogopea nini?"

"Ng'ombe, afande," akasema bila kufikiri. "Mvua ikikatika usiku, lami inabaki na joto, wanakuja kulala katikati ya barabara. Ukitoka kwenye kona baada ya daraja la pili, huwaoni mpaka uwe juu yao." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba lori la tatu taa zake za breki huwaka zinapotaka.

Hakuna satelaiti ingenipa habari ile. Tukasogeza safari ikawa ya alfajiri na lori la tatu likabaki karakana hadi fundi alipolitengeneza. Habari yenyewe ilimchukua dakika chache kuisema, na alikuwa ameijua miaka yote.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu, tembea. Muulize dereva, mpishi, tabibu, mtu wa redio, mlinzi wa ghala. Usiwaulize "kuna hatari gani?", maana watakujibu "hakuna, afande", wakidhani unawapima ujasiri. Waulize mara ya mwisho kitu kilikaribia kuharibika lini, na nini kiliwaokoa. Wenyeji nao waulize kuhusu maji, mito, njia na wanyama, ila bila kuwaambia unakwenda lini wala wapi. Usiri ni hatari inayohitaji kupimwa kama nyingine, kwa kuwa unawakinga watu dhidi ya adui na wakati huo huo unawanyima wanachohitaji kujua.

Wamarekani walilipa bei ya hilo jangwani Iran, Aprili 1980, walipotaka kuwaokoa mateka wao Tehran. Helikopta nane ziliondoka kwenye manowari ya Nimitz. Njiani zikaingia kwenye mawingu makubwa ya vumbi laini linaloning'inia hewani. Wataalamu wa hali ya hewa walijua kwamba vumbi la aina hiyo hutokea eneo lile, lakini kwa sababu ya usiri kila kundi lilifungiwa kwenye chumba chake, na marubani wa helikopta hawakuwa na mawasiliano ya moja kwa moja na wataalamu hao. Wakakutana na vumbi wakiwa ndani yake.

Hata hivyo mpango ule ulikuwa na kitu kimoja kizuri ambacho wapangaji wengi hawana: kikomo kilichoandikwa mapema. Helikopta zikipungua sita, operesheni inasitishwa. Moja iliachwa jangwani kwa hofu ya ubapa wa rafadha uliopasuka, moja ikageuza ndani ya vumbi, ya tatu ikafika kituoni na hitilafu ya mfumo wa haidroliki. Zikabaki tano, wakasitisha. Weka kikomo chako ukiwa umelala vizuri na hakuna anayekupigia kelele, kwa sababu saa nane usiku, watu wakiwa wamekwishafika mbali, kila kamanda hujiona ana sababu ya kuendelea.

Waliokufa usiku ule, watu wanane, walikufa baada ya uamuzi wa kusitisha. Helikopta moja ilipokuwa ikihamishwa ndani ya giza na vumbi iligonga ndege ya C-130 iliyobeba mafuta. Operesheni nzima haikuwahi kufanyiwa jaribio kamili la pamoja mwanzo hadi mwisho, na kujiondoa katika hali ile ndiko kulikuwa kugeni kuliko yote. Katika mipango ninayoisoma, kurudi huwa na aya moja: "kikosi kitarejea kwa njia ile ile". Watu wakati huo wamechoka, mafuta yamepungua, silaha zina risasi chemba, na kila mmoja anawaza nyumbani. Mpe mwisho wa operesheni muda ule ule unaoupa mwanzo. Vivyo hivyo kwa kila mahali kitu kinapobadilisha mikono: kupakia meli, kuvuka mto, kujaza mafuta, kikosi kupokea lindo kutoka kwa kingine.

Kuna hatari nyingine ambayo makao makuu huitengeneza yenyewe kisha kuisahau kwenye jedwali, nayo ni usingizi. Kanuni ya zamani inasema kamanda atumie theluthi moja ya muda uliopo kupanga, theluthi mbili awaachie walio chini yake. Unadhimu ukikaa na mpango hadi saa nne usiku ukirekebisha rangi za ramani, kombania itapata amri usiku wa manane na dereva ataingia kwenye usukani macho mekundu. Tafiti za miaka ya 1990 zilionesha kwamba mtu aliyekesha saa 17 hufanya kazi kama aliyekunywa pombe hadi kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu kuendesha gari. Hakuna ofisa angemruhusu dereva mlevi aondoke getini. Aliyekesha tunampungia mkono.

Turudi kwenye "askari wawe makini". Maneno hayo hayazuii chochote. Anza kwa kujiuliza kama hatari inaweza kuondolewa kabisa: je, ni lazima tupite pale? Ikishindikana, badili chombo au njia. Kisha ndipo uweke taratibu, na mwisho kabisa kofia, jaketi na maonyo. Na kila hatua iwe na jina la mtu na saa. "Sajini wa usafiri atakagua breki na taa za malori yote kabla ya saa kumi jioni na kuripoti kwa afisa wa zamu." Hiyo unaweza kuifuatilia. Bila jina na saa, ulichoandika ni dua.

Mambo yaliyo wazi mno pia yaandikwe, hata kama unaona aibu. Agosti 2012 helikopta nne za jeshi la Uganda zilikuwa njiani kwenda Somalia. Moja ilifika Garissa. Tatu zilianguka kwenye Mlima Kenya, na watu saba wakapoteza maisha bila adui kuwepo. Mlima wa mita 5,199 uko kwenye kila ramani ya eneo hili. Ninapokagua mpango wa safari, ya ardhi au ya anga, huwa namtaka mpangaji aniwekee kidole juu ya kitu kikubwa kuliko vyote njiani na aniambie hali ya hewa ikifunga atageukia wapi. Wengine hukasirika kidogo. Sawa tu.

Baada ya hatua zote, kuna hatari itakayobaki, na mtu lazima aikubali. Asiwe wewe mnadhimu, wala kapteni kwa niaba ya brigedia. Mpelekee mwenye mamlaka sentensi mbili tu: tukienda hivi, hiki kinaweza kutupata, tukisubiri hadi kesho, tutapoteza hiki. Akisema twende, andika jina lake na saa aliyosema. Si kwa ajili ya kumtega. Hali ikibadilika, tuseme mto umepanda au gari la wagonjwa limeharibika, sahihi ile haina nguvu tena, na kamanda wa msafara lazima ajue ampigie nani kabla hajavuka. Namba hiyo iwe kwenye karatasi ya dereva wa mbele, na ya pili iwe pembeni yake, kwa kuwa mkuu naye hulala.