Usilinganishe amplifaya mbili kabla ya kusawazisha sauti zake

Usiilipie hiyo amplifaya, yaani kikuza sauti cha spika, ya wati 100. Umeandika kwamba dukani Kariakoo ulisikilizishwa hiyo pamoja na ya wati 50 kama uliyo nayo nyumbani, ukaona kubwa ina besi iliyoshiba na sauti za waimbaji zilizo wazi zaidi, na kwamba muuzaji amekupa hadi Jumamosi upeleke fedha. Nijibu kwanza: ni nani aliyekuwa ameshika kitufe cha sauti?

Mimi nilikalishwa kwenye kiti kama hicho. Muuzaji alinipigia wimbo uleule kwenye amplifaya mbili, na kila alipohamia ile ya bei kubwa, kidole gumba chake kilibonyeza rimoti mara moja au mbili huku akinieleza habari za transfoma. Sauti iliongezeka kidogo sana, kiasi kwamba sikuiona kuwa imepanda. Niliiona kuwa imekuwa nzuri. Nikatoa fedha nilizokuwa nimetenga kwa ajili ya kuezeka banda la uani. Nyumbani, nilipoiunganisha hiyo mpya na ile yangu ya zamani kwa zamu kwenye spika zilezile na kuzipima hadi zikatoa sauti sawa, sikuweza kuzitofautisha, na mke wangu, ambaye hakuambiwa inayolia ni ipi, naye hakuweza. Niliporudi dukani niliambiwa kwamba spika zangu bado hazijaizoea. Mtu anayeishi kwa kuuza vyombo vya muziki hawezi kudai kwamba hajui kidole chake kinafanya nini, na jambo hilo linaniudhi hadi leo.

Masikio yetu ndivyo yalivyo. Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa Maabara za Bell nchini Marekani, walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti inaposhuka, sikio hupoteza besi haraka kuliko sauti za kati. Kwa sauti ndogo ya desibeli 40 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), mlio mzito wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, unahitaji kuongezewa zaidi ya desibeli 30 ndipo usikike sawa na ule wa hezi 1,000. Kwa hiyo chombo chochote kikipandishwa kidogo tu kitaonekana kimeongeza besi na uwazi, na ndiyo sababu pia muziki wako unapwaya usiku unapousikiliza kwa sauti ndogo watoto wakiwa wamelala. Amplifaya yako haina kasoro. Ipandishe besi kidogo saa hizo, basi.

Tena, usikubali kuambiwa kwamba vitufe vyote viwili viliwekwa kwenye alama moja. Kila amplifaya hukuza mawimbi kwa kiwango chake, hivyo alama ileile inaweza kutoa sauti mbili tofauti kabisa. Chukua multimita ya kawaida ya fundi umeme, iweke kwenye volti za AC, kisha piga mlio wa majaribio wa hezi 1,000 na upime pale nyaya za spika zinapounganishwa kwenye amplifaya. Ikiwa ya kwanza inasoma volti 2.83, ambayo ni wati 1 kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), rekebisha ya pili hadi nayo isome 2.83. Ikisoma 3.17 tayari imezidi kwa desibeli 1, na hapo hukumu yako imeshaharibika. Ukishasawazisha, usiguse kitufe tena, na mtu mwingine awe anabadilisha bila kukwambia.

Kuhusu hizo wati, kuzidisha nguvu mara mbili huongeza desibeli 3 tu, ilhali ili sauti isikike imekuwa kubwa maradufu huhitajika takribani desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Spika inayotoa desibeli 88 kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1 itafika 105 kwa wati 50 na 108 kwa wati 100, na sebuleni hutakaa muda mrefu katika viwango hivyo bila kuyaumiza masikio.

Jumamosi nenda na multimita, si fedha. Akikataa uipime mbele yake, ondoka.