Jibu: Mwanafunzi anayekimbia mswaki na maji

Jambo mwalimu. Umesema mwanafunzi wako wa miaka 9 mwenye usonji (autisme), hapo Bukavu, anavaa viatu mwenyewe, lakini akiona mswaki au maji ya kunawa anapiga kelele na kukimbia.

Kabla ya yote, angalieni kinywa chake pamoja na mama yake, kwenye mwanga. Kama hasemi, hawezi kukuambia jino limetoboka au ufizi umevimba. Ukikuta hivyo, daktari wa meno kwanza, mafunzo baadaye.

Halafu gusa maji. Asubuhi maji ya bidoni huwa baridi kweli! Ongeza ya moto kidogo, yeye mwenyewe achovye kidole. Dawa ya meno nayo inawasha watoto wengi hawa, kwa hiyo anza na mswaki laini na maji tu.

Kunawa mikono mimi nafundisha kuanzia mwisho. Namsaidia kufungua robine (bomba), sabuni, kusugua na kusuuza; kujipangusa tu namwachia. Akizoea hapo, namwachia kusuuza na kujipangusa. Kila mara anamaliza yeye, na unaona uso unavyofunguka. Nasimama nyuma yake, viganja vyangu juu ya vyake, kisha nashika vifundo vya mikono tu, kisha viwiko, mpaka naachia. Maneno machache: "sabuni", "sugua".

Nyumbani wafuate mpangilio uleule. Maana beseni kule na robine shuleni, kwa mtoto huyu ni kazi mbili tofauti.

Tafadhali msimshike kwa nguvu, hata mkichelewa. Tuandikie mmekuta nini kinywani.